Msaidizi wa Kwanza ni Jirani

Hotuba iliyosomwa na mwanachama mmoja katika mkutano wa Chama, nayo yachapwa hapa kwa ombi la Kamati.



Tulipoarifiwa kwamba zamu ya kusoma hotuba imetufikia, tulianza kuandika habari za mishahara na vyeo, maana hizo hazikosi wasikilizaji katika Chama hiki. Walakini kila tuliposhika kalamu, moyo ulitupeleka penginepo, kwenye jambo ambalo yatupasa kulikiri kwanza kabla ya kuthubutu kumfundisha mtu mwingine.

Mwaka mmoja mvua zilizidi kipimo katika wilaya tuliyokuwa tukifanya kazi, mto ukavunja kingo zake, na nyumba za watu wa bondeni zikaanguka usiku. Sisi na wenzetu wawili tulitumwa kuandika majina ya waliopatwa, ili wagawiwe unga, mablanketi na maturubai. Tukaweka meza chini ya mwembe, tukafungua daftari la wakazi, tukaanza kuita majina kwa taratibu yake. Tuliona fahari juu ya kazi ile. Mistari ilinyoka, hapakuwa na doa la wino, na jumla ya kila ukurasa ilipatana na hesabu ya ghala.

Siku ya tatu akaja mbele ya meza bibi mmoja mzee, ameshika mkono wa mjukuu, na wajukuu wengine wawili nyuma yake. Tukatafuta jina lake, halikuwamo. Nyumba aliyokaa iliandikwa kwa jina la mkwewe, naye mkwewe alikuwa amehamia mjini zamani. Alipoitwa siku ya kwanza hakuitika mtu, tukapiga mstari tukaendelea. Tukamweleza bibi yule kwamba hayumo. Akatutazama kwa muda, akasema, “Mwanangu, daftari lako limeandika nyumba. Sisi watu halikutuandika.”

Ndipo tulipojua ya kuwa siku mbili zile alilishwa na jirani yake, mwanamke mwenye watoto wake mwenyewe, aliyegawanya posho ya watu watano kwa watu tisa. Tena jirani huyo alikuwa amekuja kutuambia habari zile siku ya kwanza, nasi tukamjibu asubiri zamu yake. Hakuna aliyetulaumu. Taarifa yetu ilipokelewa ofisini na kusifiwa kwa usafi wake. Lakini tangu siku ile hatukupata tena raha na sifa hiyo, tukaanza kusoma na kuuliza jinsi wengine walivyosaidia watu katika maafa, wapi walifaulu na wapi walikosea. Tuliyoyapata ndiyo tunayowaletea leo. Tumechagua mifano mitatu ya Ziwa Victoria, kwa sababu ni ya nchi yetu, na kwa sababu wengi wetu hapa tuna jamaa waliosafiri katika maji yale.

Mfano wa kwanza ni wa karibu. Siku ya Jumapili, tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria iliyotoka Dar es Salaam ikienda Bukoba ilianguka ziwani asubuhi, mwendo mfupi kabla ya kufika uwanjani, wakati hali ya hewa ilikuwa mbaya. Ndani yake walikuwamo watu 43. Walipona 24, wakafariki 19, na katika hao walikuwamo marubani wote wawili. Waliofika kwanza walikuwa wavuvi wenye mitumbwi yao. Askari na zimamoto walifika baada yao. Hawakutumwa na mtu. Waliona ndege ikianguka, wakapiga makasia. Kijana mmoja miongoni mwao alisimulia baadaye jinsi walivyotumia kasia kusaidia kufungua mlango wa nyuma, na watu wakatoka kwa mlango huo.

Lakini sikilizeni yaliyofuata, kama alivyoyaeleza yeye mwenyewe. Alipiga mbizi hadi mbele, akamwona rubani nyuma ya kioo, rubani akamwashiria avunje. Kijana akaibuka, akaomba kitu cha kuvunjia, akapewa shoka. Mtu mmoja mwenye kipaza sauti akamzuia, akisema kwamba wanawasiliana na marubani na kwamba maji hayajaingia chumbani mwao. Kijana akarudi chini, akaonyeshwa mlango wa dharura, akaufunga kamba ili uvutwe kwa mitumbwi. Kamba ikakatika, ikampiga usoni, akazimia, akazindukia hospitalini.

Sisi hatuna haki ya kumhukumu yule mwenye kipaza sauti. Pengine alikuwa na sababu njema, na pengine shoka lingeleta madhara mengine. Hata hivyo jambo moja laonekana wazi. Aliyekuwa na amri alikuwa juu ya maji, na aliyekuwa akiona alikuwa chini ya maji, wala hapakuwa na desturi iliyowekwa tangu zamani ya kumfanya mmoja amsikilize mwenziwe. Desturi ya namna hiyo haiwezi kutungwa siku ya msiba. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Nasi twaongeza kwamba mwenye fimbo ya karibu asiponyang’anywa, na akifundishwa mapema namna ya kuishika, kazi itakuwa nusu imekwisha kabla ya wakubwa kufika.

Mfano wa pili ni wa zamani kidogo, nao bado huumiza. Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyokuwa ikitoka Bukoba kupitia Kemondo, ilipinduka ilipokaribia Mwanza. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni ya watu 894 waliokufa, na wako wasemao kwamba walizidi hapo. Meli haikuzama mara moja. Ilielea imepinduka, tumbo juu, na waliokuwa ndani walisikika wakigonga chuma. Imesimuliwa mara nyingi kwamba chuma kile kilitobolewa ili watu watolewe, na mara tundu lilipopatikana hewa ikatoka kwa nguvu, na meli ikazama pamoja na waliogonga.

Tuliposoma habari hii mara ya kwanza tulifunga karatasi. Kisha tukajilazimisha kuelewa. Chombo kilichopinduka huelea kwa sababu ya hewa iliyonaswa ndani yake, na hewa hiyo hiyo ndiyo wanayoivuta waliofungiwa. Ukitoboa juu, hewa hutoka na maji hupanda kutoka chini kuchukua mahali pake. Basi waliotoboa hawakukosa huruma. Walikuwa na huruma nyingi, na waliokuwa kando yao walikuwa wakilia na kuhimiza. Walichokosa ni ujuzi wa kazi ile, na mtu wa kusema, “Ngojeni, tujue kwanza ni kitu gani kinachowaweka hai mpaka sasa.” Swali hilo twaliona ni la kwanza kwa kila kikosi kiendacho kusaidia, iwe majini, iwe katika mafuriko, iwe penye nyumba zilizobomoka. Wale walio hai, wanaishi kwa nini? Ni hewa? Ni ukuta ambao haujaanguka? Ni jirani anayewapikia? Kitu hicho kisiguswe mpaka kingine kipatikane. Baadaye wapiga mbizi wa jeshi la majini la Afrika Kusini walikuja kusaidia kutoa maiti, na wengi walizikwa Igoma, Mwanza, ambapo makaburi yao yapo hata leo.

Tena katika msiba huo lipo jambo linalotuhusu sisi wenye kalamu. Abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Ndiyo maana hata leo watu wawili wakizungumza habari za MV Bukoba hawapatani katika idadi. Twasema katika lugha yetu kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa kilichopotea bila habari si mali.

Mfano wa tatu ni wa tarehe 20 Septemba 2018, siku ya Alhamisi, siku ya gulio. Kivuko cha MV Nyerere kilitoka Bugorora, Ukerewe, kikienda Ukara, nacho kilipinduka karibu sana na gati la Bwisya, hata watu wa nchi kavu waliona kwa macho yao. Kivuko kile kilikuwa na uwezo wa kuchukua abiria 101. Waliookolewa walikuwa 41, na waliokufa walizidi 220. Jumlisheni wenyewe. Siku za kwanza hapakuwa na mtu aliyeweza kusema ni wangapi waliokuwamo, kwa maana ilielezwa kwamba mkata tikiti alikufa katika ajali ile na mashine ya kuandikia ikapotea pamoja naye. Orodha ilikuwa moja tu, nayo ilisafiri katika chombo kile kile ilichokihesabu. Makarani wenzetu, kosa hili twalifahamu sote tangu mwaka wa kwanza wa kazi: nakala haikai katika kabati moja na asili yake.

Usiku ulipoingia utafutaji ulisimamishwa, ukaendelea kesho yake. Siku ya Jumamosi, watu walipokwisha kuanza kuhesabu maiti tu, wapiga mbizi wakamtoa fundi wa mitambo akiwa hai. Alikuwa amekaa siku mbili ndani ya kivuko kilichopinduka, mahali palipobaki hewa. Sisi twajua kwamba giza lina hatari zake, na kiongozi hatakiwi kuwapoteza waokoaji kwa ajili ya waliokwisha kufa. Lakini mtu yule mmoja atufundisha kwamba neno “hakuna tena aliye hai” lisisemwe kwa kukisia. Na mtu mmoja anapokuwa ndani yu hai, mke wake yuko ufukoni amekwisha kuambiwa avae kaniki. Kikosi kinachosaidia kina wajibu kwa wote wawili, aliye majini na aliye ufukoni.

Wako watakaotujibu kwamba haya yote si kazi ya karani, kwamba kuna polisi, kuna zimamoto, kuna jeshi, na kwamba umati wa majirani mara nyingi huzuia njia, huiba mizigo, hukanyaga waliolala. Majibu hayo yana ukweli, nasi hatuyakatai. Tumeona kwa macho yetu jinsi umati usio na mpangilio unavyoweza kuongeza msiba juu ya msiba. Lakini tofauti ya umati na kikosi ni nini? Ni kwamba kikosi kimekwisha kugawiwa kazi kabla ya siku yenyewe, na kila mtu amjua anayemwamuru. Majirani waliogawiwa kazi si umati tena.

Hili si ndoto. Katika nchi ya Bangladesh, ambayo wakati ule iliitwa Pakistani ya Mashariki, tufani ya Novemba 1970 iliua watu zaidi ya 300,000. Mwaka 1972 Serikali mpya pamoja na chama cha Msalaba Mwekundu waliweka mpango wa kuwafundisha watu wa vijijini wenyewe, wakulima na wavuvi, wapokee habari za tufani, watembee nyumba kwa nyumba na vipaza sauti na bendera, wawaongoze wazee na watoto mahali pa juu. Haikuwa kazi ya siku moja. Mwaka 1991 walikufa tena zaidi ya 130,000, maana nyumba za kukimbilia zilikuwa chache mno kwa watu wengi vile. Hawakukata tamaa; wakajenga zaidi, wakafundisha zaidi, wanaume na wanawake. Tufani kubwa iliyoitwa Sidr ilipokuja Novemba 2007, waliokufa walikuwa kama 3,400. Ni wengi, na kila mmoja alikuwa na mama. Walakini pimeni hesabu hiyo na ile ya 1970. Upepo haukupungua ukali kwa kuwahurumia. Kilichoongezeka ni jirani anayejua zamu yake.

Hapa kwetu Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa tangu juu mpaka kwenye wilaya, kata na kijiji. Kwa hiyo mlango uko wazi. Lakini sote twajua jinsi kamati inavyoweza kuzaliwa katika barua, ikaishi katika jalada, ikafa bila kukutana. Anayeiweka hai kamati mara nyingi ni karani wake. Basi twaomba ruhusa ya kuleta mbele ya Chama mambo manne, kila mmoja wetu ayafanye mahali pake pa kazi, wala hayahitaji fungu la fedha.

La kwanza, kila karani wa kata au kijiji aandike orodha ya wasaidizi wa karibu: ni nani mwenye mtumbwi, nani mwenye kamba ndefu na taa, nani ajuaye kuogelea na kupiga mbizi, mkunga ni nani, mwenye lori ni nani, na kila mmoja hupatikana kwa simu ipi. Majina hayo yasomwe mkutanoni, ili wenyewe wajue kwamba wameandikwa, na Mkuu wa kikosi kitakachotoka mjini apewe nakala kabla hajashuka garini.

La pili, orodha za watu zihesabu watu. Mpangaji, mjane, yatima, mgeni wa wiki mbili, mzee asiyetoka nje, wote waandikwe kwa majina yao, wala wasifichwe nyuma ya jina la mwenye nyumba. Na pale penye safari ya maji, mwenye dhamana ashurutishwe kuacha nakala ya orodha gatini kabla chombo hakijang’oa.

La tatu, tukiwa sisi ndio tuliotumwa, tusifungue daftari kabla ya kuuliza. Kuna methali isemayo mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni hawezi kumponya mwenyeji asiyemuuliza anaumwa wapi. Tutafute kwanza wale waliokwisha kuanza kusaidia, maana hapakosi, tuketi nao, tujue wamefanya nini usiku ule, kisha tuongeze nguvu zetu juu ya zao. Mwanamke ajaye mezani nje ya zamu yake kusema habari za mwenziwe asirudishwe nyuma. Huyo ndiye taarifa yetu ya kwanza.

La nne, msiba ukiisha tuandike makosa. Sisi watumishi tumezoea kuandika taarifa zinazompendeza msomaji wake. Twaandika idadi ya magunia yaliyotolewa, wala hatuandiki idadi ya walioondoka mikono mitupu. Taarifa isiyo na kosa hata moja haimfundishi atakayekuja baada yetu, naye atarudia kosa lile lile kwa mwandiko mzuri zaidi.

Bwana Rais, saa imekwenda, nasi hatutaki kuwachosha. Mwaweza kuuliza bibi yule alipata nini mwisho wake. Tuliandika jina lake na majina ya wajukuu wake watatu chini kabisa ya ukurasa, pale palipobaki nafasi, na jumla yetu haikupatana tena na hesabu ya ghala. Mtunza ghala alinung’unika, kisha akatoa. Yeye alipokea mablanketi mawili, akaondoka bila neno. Alipofika kwa jirani yake alimpa moja. Tuliyaona hayo kwa macho yetu tukiwa tumekaa mezani na kalamu mkononi, nasi tukafahamu kwamba mgawo wa haki ulikuwa ukifanyika ng’ambo ya pili ya njia tangu usiku wa mafuriko, nasi tulikuwa tumekuja siku ya pili na meza.

Hatusemi tuache meza. Pasipo meza na daftari wenye nguvu watachukua vyote. Twasema tu kwamba meza iwekwe karibu na jirani yule, na jina lake liandikwe mstari wa kwanza. Kama tumekosea katika maneno yetu, wazee wetu watusahihishe. Na kama yako yenye kufaa, yasibaki katika karatasi hii.